Kipeperushi cha Seneta Kinasema Mke Wangu Yuko Hai

Siku ya nane baada ya kumzika mke wangu, nilifungua sanduku la barua nikakuta picha yake.

Amekaa kwenye kiti cha magurudumu, anacheka. Seneta Rusty Haglund kamwekea mkono begani. Chini wameandika kwa herufi kubwa: "MARLYS YUKO HAI KWA SABABU YA SHERIA YANGU. NIPE KURA."

Jamani! Nilikisoma mara tatu palepale kwenye theluji. Kisha nikapandwa na hasira ambayo mpaka leo haijashuka.

Naitwa Verne Stolte, fundi bomba. Jimbo letu ni tambarare tupu, ng'ombe ni wengi kuliko watu. Marlys alikuwa dereva wa basi la shule mpaka misuli yake ilipoanza kugoma. Kwanza vikombe vilimponyoka, baadaye miguu ikakataa.

Ugonjwa ulitoka kwenye vinasaba, na hitilafu yake ilikuwa ya kwake peke yake. Daktari Sorensen wa hospitali kubwa akatuambia, "Naweza kujaribu kumtengenezea dawa yake yeye tu, kama suti inavyoshonwa kwa kipimo cha mtu. Ila haijathibitishwa, na sheria hainiruhusu."

"Kwa hiyo nife kwa mujibu wa sheria?" Marlys akauliza.

Daktari akafunga faili lake.

Ndipo akatokea Haglund na muswada wake, kwamba mgonjwa asiye na tumaini lingine aruhusiwe kujaribu dawa ya namna hiyo. Nikawa askari wake. Niligonga milango ya watu hadi vidole vikauma.

Siku kamati ya bunge la jimbo ilipoujadili muswada, tukaenda mji mkuu wa jimbo. Kule kila mwananchi anapewa dakika tatu kwenye kipaza sauti, taa nyekundu ikiwaka unakaa. Aliyenitangulia alikuwa mama mmoja wa koti la kijani. Nilimwona kisogo tu.

"Siupingi muswada," alisema. "Naomba muongeze kifungu kimoja. Hospitali ilazimishwe kujibu haraka, na mgonjwa anayeomba dawa asinyang'anywe tiba shufaa kabla hajaipata."

Tiba shufaa ndiyo ile ya nesi kuja nyumbani, na kitanda maalumu, na dawa za kutuliza maumivu. Marlys alikuwa nayo tayari.

Mimi damu ikanichemka. Nyongeza kwangu ilimaanisha kuchelewa, na mke wangu hakuwa na muda. Nikashika kipaza sauti.

"Huyo mama ametumwa! Anayetaka nyongeza aje akae na mke wangu wiki moja. Pitisheni hivyo hivyo!"

Ukumbi mzima makofi. Mama wa koti la kijani akatoka kainamisha kichwa, nami nikamsindikiza kwa mzomeo.

Sheria ikapita. Gavana akaisaini kwa kalamu kumi za kumbukumbu, akazigawa kama pipi, na Marlys akapata moja. Kanisani wakatuandalia tambi za jibini, watu wakalia kwa furaha.

Wiki iliyofuata hospitali ikatupa fomu ya kurasa kumi na moja.

"Umesoma yote, mzee wangu?" Marlys akaniuliza. Vidole vyake havikuweza tena kufunua karatasi.

"Hii sheria ni yetu, mama. Tia saini."

Nilimshika mkono, tukasaini pamoja.

Siku nne baadaye likaja gari. Wanaume wawili wakabeba kitanda, mashine ya hewa na dawa zote za maumivu.

"Pole, mzee. Mgonjwa akishaomba dawa ya majaribio, sheria inaturuhusu kumtoa kwenye huduma."

"Lakini hatujaipata hiyo dawa!"

"Sisi tunafuata maandishi, mzee."

Hospitali ikakaa kimya wiki sita, halafu ikatuma barua ya mistari miwili. Haitashiriki. Daktari alikuwa tayari, maabara ilikuwa tayari, wanasheria wa hospitali wakakataa. Sheria yetu haikumlazimisha mtu yeyote.

Wiki zile sita sitaki kuzieleza sana. Marlys alikuwa anang'ata taulo ili majirani wasimsikie.

Nesi mmoja tu wa tiba shufaa ndiye aliyekuja, mgeni kwetu, baada ya kusikia yaliyotupata. Jina lake Twila. Alikuja siku zake za mapumziko, bila sare. Alimgeuza, alimsafisha kinywa, akambana daktari wa mjini kwetu mpaka akaandika dawa ya maumivu. Marlys alikufa Alhamisi, mkono wake uko mikononi mwa Twila, mimi niko jikoni nampigia Haglund ambaye hapokei.

Basi kile kipeperushi nikaenda nacho kituo cha zimamoto, kwenye kifungua kinywa cha kampeni. Nikamkuta Haglund amevaa aproni, anageuza chapati za maji.

"Mheshimiwa, mke wangu yuko hai wapi? Nionyeshe nimpelekee koti lake, kuna baridi."

Watu wakaacha kula. Akanivuta pembeni.

"Pole sana, Verne. Vijana wa ofisini walikosea."

"Na kitanda chake? Nani aliruhusu kibebwe?"

Akajifuta mikono taratibu. "Ile nyongeza ilikuwa mezani. Kura zilitosha, isingechelewesha hata siku mbili. Ila uliposema vile, wajumbe wakaogopa. Nani ampinge mume wa mgonjwa? Twila alitubembeleza wiki nzima."

"Twila yupi?"

"Yule nesi. Wa koti la kijani."

Nikakikunja kile kipeperushi. Nikamwambia, "Ulijua hayo yote, ukanyamaza kwa sababu makofi yalikunogea!"

Akarudi kwenye chapati zake, mnafiki yule.

Nikaendesha gari moja kwa moja hadi kwa Twila. Akafungua mlango, mikono imejaa unga.

"Ulinitambua lini?" nikamuuliza.

"Siku ya kwanza, uliponifungulia mlango."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuja kwa Marlys, Verne. Sikuja kwako."

Nilistahili hilo.

Ndugu yangu unayesoma, mwanasiasa atapiga picha na mgonjwa wako na asikuachie kitu. Hilo lijue. Lakini mtu akisimama akasema "hebu tusome kwanza", usimzomee, hata kama kifo kiko mlangoni. Haglund simsamehi, na hospitali siisamehi. Ila kitanda cha mke wangu kilibebwa kwa sababu kuna mtu alisimama mbele ya kamati akapiga kelele muswada upitishwe hivyo hivyo, na mtu huyo ni mimi.