Alama Moja kwa Njia ya Nne

Kwa miaka ishirini na miwili kazi ya Tak Myeong-hui ilikuwa ileile. Kila mwaka barafu ilipoyeyuka alipita barabara kuu ya kusini, gari likitambaa, naye akiipa lami alama: tano kwa iliyo nzima, moja kwa iliyokufa. Dereva wake, Guk Chun-sik, hakuchoka kumtania.

"Dada, unaikagua au unaililia?"

Mwezi wa tatu mwaka ule walipanga koni za kuzuia magari kwenye kilometa ya arobaini na moja, wakashuka. Njia tatu za kushoto, za magari madogo, zilikuwa laini kama meza. Ya nne, ya malori, ilikuwa imepasukapasuka kama mgongo wa kobe, na vipande vilicheza chini ya kiatu. Myeong-hui akaipa moja.

Ofisini, Mkuu Eo alizijumlisha alama zake kwa haraka.

"Tano, tano, tano, moja. Wastani nne. Sehemu hii ni nzima. Saini hapa."

"Mkuu, lori halipiti kwenye wastani. Linapita njia ya nne."

"Fomu ina kisanduku kimoja tu, mama. Nikuchoree kingine?"

Wenzake wakaangua kicheko. Ubishi huo alikuwa ameurudia kila mwaka, na kila mwaka alishindwa. Akasaini.

Mwezi wa saba mvua ilinyesha siku sita mfululizo. Asubuhi ya siku iliyofuata, lori la kabichi liliingiza gurudumu shimoni palepale kwenye njia ya nne, likapinduka. Dereva, Pi Dong-man, hakutoka akiwa hai.

Wachunguzi walimsogezea Myeong-hui fomu.

"Saini hii ya nani?"

"Yangu."

"Na hii nne?"

"Ni wastani."

"Hatujauliza ni nini. Ya nani?"

Mkuu Eo alikuwa anaangalia kucha zake. Myeong-hui akasimamishwa kazi siku hiyohiyo.

Alikwenda kwa mjane wa Dong-man na kasha la matunda ya mapeasi. Mjane alidhani ni mtu wa kazini kwa mumewe, akamkaribisha chai ya shayiri.

"Mlifahamiana?"

"Hapana. Mimi naifahamu ile barabara. Niliona mapema kwamba njia ile imekufa. Halafu nikasaini kuwa ni nzima."

Mjane aliweka birika chini taratibu.

"Uliona?"

"Niliona."

"Kwa hiyo kuna mtu alijua. Siku zote hizi nalaumu mvua, kumbe kuna mtu alijua."

Akalibeba lile kasha, akaliweka nje ya mlango, akaushika mlango wazi mpaka mgeni alipomaliza kuvaa viatu.

Mwezi wa kumi barua ya serikali ikafika. Chanzo cha ajali kilikuwa mvua. Myeong-hui hana hatia, arudi kazini Jumatatu. Aliisoma akiwa amesimama jikoni, akangoja ahisi nafuu. Haikuja. Jumatatu ikapita, na nyingine, bila yeye kwenda kazini; Chun-sik alipompigia, aliiacha simu ikaita mpaka ikanyamaza.