Bibi Aliyevijua Vichwa vya Treni

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani, kijijini Mabira, kwa likizo fupi. Niliposhuka kwenye bodaboda, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, nikawakuta watoto wa jirani wananisubiri. Walikuwa wamesikia kwamba mimi ni fundi wa treni za umeme, zile ziendazo Dodoma. Mmoja akaniuliza, "Shikamoo shangazi. Kweli hazina moshi?" Nikaketi barazani, hata maji sijanywa, nikaanza kuwaeleza. Katikati ya maelezo nikagundua kuwa maneno yanayonitoka si yangu. Ni ya bibi.

Sijui kama nimewahi kukusimulia habari za bibi yangu. Nililelewa naye hapo hapo, kwenye nyumba iliyozungukwa na migomba, mibuni ikiwa imejipenyeza katikati. Asubuhi tulifagia ua, tukatandaza kahawa kwenye jamvi, kisha kazi yangu ikawa kuigeuza na kuwafukuza kuku. Mchana ulikuwa na harufu ya ndizi na maharage vikichemka chungu kimoja, na bibi akimimina samli kidogo mwishoni. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, tulikaa uani tukiwanyofoa mabawa huku tukizungumza. Mara nyingi mazungumzo yaliishia kwenye treni.

Unaweza kushangaa, maana kwetu reli haijawahi kufika. Lakini babu, aliyefariki kabla sijazaliwa, alifanya kazi ya reli huko Tabora. Alianza kwa kuchochea moto kwenye vichwa vya mvuke, akamalizia kuendesha vya dizeli. Bibi aliishi naye miaka mingi kwenye nyumba za wafanyakazi, karibu na karakana. Alirudi Mabira na Kiswahili cha Tabora kilichonyooka kuliko cha mtu yeyote kijijini, ambako wengi wetu tulizungumza Kinyambo, lugha yetu ya asili, nyumbani na Kiswahili tukakipata shuleni. Alirudi pia na kijitabu ambacho babu alipewa kazini, chenye picha za vichwa vya treni vya kila aina. Picha ya mwisho ilikuwa ya kichwa cha umeme cha nchi za mbali, kimenyoosha mkono wake wa chuma juu, kimegusa waya.

Nilipokuwa darasa la tano, mwalimu wa sayansi alituuliza treni inaendeshwa kwa nguvu ya kitu gani. Mmoja akasema makaa, mwingine mafuta. Nikanyoosha mkono nikasema, "Na umeme, mwalimu. Unatoka kwenye waya wa juu." Darasa zima likacheka. Nami leo siwalaumu. Umeme tulioujua ulikuwa wa jenereta ya hospitali ya Nyakahanga, na wengi walikuwa hawajafika huko. Mwalimu alidhani nafanya mzaha. "Usiwadanganye wenzako," akasema, akanisimamisha hadi kengele ilipolia.

Nilirudi nyumbani, chakula nikakiacha. Bibi aliponibana nikamweleza yote. Kesho yake alivaa kitenge chake cha kanisani, akafunga kile kijitabu kwenye kitambaa, akanishika mkono. Tukashika njia ya shule. Niliogopa atamfokea mwalimu, na mimi ndiye nitakayebaki pale shuleni.

Mwalimu alipotuona alitoka nje. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu. Sikuja kugombana. Nimekuja na picha."

Akafungua kitambaa. Mwalimu akasoma ukurasa ule wa mwisho, akarudia tena, huku nikimwangalia usoni. Kisha akamkaribisha bibi darasani, akatuambia, "Jana nilikosea. Mwenzenu alisema kweli." Akanigeukia mimi na kusema jambo ambalo sijalisahau: "Mwalimu naye ana mwalimu wake." Akamwachia bibi ubao.

Bibi hakuutumia. Alisimama tu mbele yetu, akasema kichwa cha mvuke ni kama mwanamke anayesafiri na jiko lake, kuni zake na mtungi wake. Kila baada ya mwendo lazima asimame achote maji. Cha dizeli ni kama aliyefungasha chakula kilichokwisha kupikwa, anakula akitembea. Cha umeme ni kama anayekwenda mikono mitupu, kwa kuwa kila nyumba anayopita imemwekea chakula mlangoni. Msichana mmoja akauliza, "Na nyumba ikikosa chakula?" Bibi akamjibu, "Basi mgeni analala njaa palepale alipo." Mwalimu alicheka kuliko sisi sote.

Tangu siku ile wenzangu waliacha kunicheka, nami nikajua ninachotaka kuwa. Nilisomea umeme, nikaajiriwa kwenye reli. Vichwa vyetu vya treni za umeme viliposhushwa bandarini nilikuwapo, vikiwa bado vimefunikwa maturubai. Tulivijaribu kwanza bila abiria, vikivuta mabehewa matupu. Baadaye tukapakia mifuko ya mchanga mahali pa watu, tukaongeza mwendo kidogo kidogo hadi tukaridhika. Siku abiria walipopanda kwa mara ya kwanza, nilisimama jukwaani na kofia yangu ya kazi, nikaona behewa baada ya behewa linapita kimya kimya, watu wamebandika nyuso kwenye vioo. Bibi alikuwa ameshatutoka. Nilifurahi kwa ajili yangu, nikafurahi na kwa niaba yake.

Nyumba ya bibi imebomolewa, kaka yangu amejenga ya matofali, na nguzo za umeme zimefika hadi shuleni. Ni mambo mema, siyalilii. Ninachokikosa ni habari za watu wa zile nyumba za wafanyakazi kule Tabora, ambao bibi alisema walimtambua dereva kwa namna anavyopiga honi. Bibi aliniambia kila kitu kuhusu injini. Lakini sikuwahi kumuuliza yeye alikuwa akifanya nini siku ambazo treni ya babu ilichelewa, alikaa wapi, na aliwaambia nini watoto. Nilidhani muda upo. Sasa kazini nikiona mke wa dereva amekuja kumpokea mumewe stesheni, namsalimia, namwuliza habari za nyumbani, nasimama nisikilize jibu lote.