Kamba Mbili Pangoni

Damari binti Gaspari alikuwa na miaka thelathini na minane mwaka ule wa 1974, watu walipohamishiwa kwenye kijiji kipya karibu na Ihanja na mvua ikakataa kunyesha. Visima vya mchangani vilikauka kabla nyumba hazijaezekwa. Maji yakabaki mahali pamoja, ndani ya pango chini ya majabali, na njia ya pango hilo Damari aliijua kuliko mtu yeyote. Mama yake ndiye aliyetandaza kamba ya kwanza humo, kutoka mlangoni mpaka kwenye dimbwi, maana vichochoro vinafanana na mwanga wa koroboi haufiki mbali. Mama alipofariki, Damari akawa anaisuka upya kila mwaka.

Wanawake wa vijiji viwili walishika kamba hiyo, naye akawafundisha adabu yake. Mkono hauachi kamba. Anayetoka na mzigo anapishwa. Na lile kubwa, alilolirudia mpaka wasichana wakalichoka: maadamu kuna mtu ndani, hufungui kitu chochote kwenye kamba, hata kama kamba ni yako.

Mwezi wa tisa dimbwi likabaki tope. Ndipo akajitokeza Selina, mke mgeni aliyekulia kando ya ziwa Kitangiri na kupiga mbizi tangu utotoni. Katikati ya njia, kwenye ufa wa upande wa kulia, aliona maji yaliyojaa mpaka kwenye dari la mwamba. Akavuta pumzi, akazama, akaibukia upande wa pili kwenye ukumbi wenye maji safi, mengi. Akatandaza kamba yake ya katani kupita chini ya maji, akaifunga kwenye kamba ya Damari. Upande wa kutokea, karibu na fundo, akafunga kipande cha khanga ili mtu akirudi gizani ajue kwa kupapasa mlango uko wapi.

Lakini kwanza alikuwa ameomba ruhusa. "Dada Damari, naweza kufunga kwenye kamba yako?"

"Funga," Damari alisema. Angesema nini, na watoto walikuwa na kiu?

Baada ya wiki mbili hakuna aliyesema tena kamba ya Damari. Ilikuwa kamba ya Selina, maji ya Selina. Mwenyekiti wa kijiji, Anselm, alimsimamisha mkutanoni watu wampigie makofi. Wasichana waliokuwa wakimfuata Damari sasa walimfuata Selina, wajifunze kuzama na kuvuta vibuyu vilivyozibwa kwa gunzi. Magdalena, mtoto wa marehemu dada yake, aliyemlea kwa uji wake mwenyewe, alianza hata kucheka kama Selina. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Usiku Damari alilala akihesabu miaka aliyosuka, na hakupata mtu wa kumlaumu.

Siku moja alikuwa anakagua kamba yake wakati Selina na Magdalena wako ng'ambo ya maji. Walikuwa wameacha koroboi ufani, ikiwa na mafuta kidogo. Damari akafika kwenye fundo. Akakishika kile kitambaa. Akajiambia kimefungwa kwenye kamba yangu, si yao. Akakifungua, akakitia kifuani, akatoka nje.

Alikaa juani akisubiri. Wanawake wengine walikuja, wakauliza, "Selina bado?" Akajibu, "Bado." Jua lilipofika utosini, walikuwa bado hawajatoka. Akaingia bila taa.

Alipopita penye fundo alisikia kilio kikitoka mbele, upande wa dimbwi la zamani. Koroboi ilikuwa imezimika. Wale wawili walirudi gizani, wakapapasa kitambaa, wakakikosa, wakageukia upande usio wenyewe. Magdalena alikuwa amezama kwenye tope mpaka kiunoni. Selina alimshikilia kwapani kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili ameing'ang'ania kamba.

"Nani huyo?" Selina aliuliza.

"Ni mimi. Usiachie kamba."

Walimvuta pamoja. Wakatoka wakiwa wamefuatana, Damari mbele, mpaka kwenye mwanga. Pale Selina akasema, "Kitambaa kimeanguka. Nimetafuta kote."

Damari angeweza kunyamaza. Alimtazama Magdalena akitetemeka, midomo imepauka, akakitoa kitambaa kifuani.

"Hakikuanguka. Nimekifungua mimi."

Selina alikipokea, akakikamua ingawa kilikuwa kikavu. "Kwa nini, dada?"

"Kwa sababu walikupigia makofi."

Selina hakumtukana, wala hakumshtaki kwa mwenyekiti. Kesho yake aliingia pangoni kama kawaida, ila alimweka mwanamke mmoja akae kwenye fundo mpaka wote watoke, na mwanamke huyo hakuwa Damari. Aliendelea kumwita dada na kumpisha njiani.

Damari mwenyewe aliwaeleza wasichana alichofanya. Magdalena alihamia kwa bibi yake mzaa baba, Manyoni, kabla ya mvua. Kuhusu Selina, Damari alikiri uzeeni kwamba wivu haukumtoka. Uliongezeka, maana sasa alimwonea wivu hata kwa wema wa moyo wake. Lakini kila mwaka alisuka kamba mbili, na ile ya pili alimpelekea Selina mlangoni kwake, akaiweka chini na kuondoka.