Sahani ya Shangazi

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nasoma slaidi za ngozi katika maabara moja pale Ifakara. Kazi yenyewe ni kukaa kwenye stuli, jicho kwenye hadubini, mpaka shingo inakataa kugeuka. Lakini hakuna siku iliyonichosha kama ile niliyoletewa slaidi ya shangazi yangu. Alikuwa na ukoma.

Seli zake za kinga zilikuwa zimewameza wadudu wa ukoma, kisha zikajaa mafuta, zikawa kama povu la sabuni. Daktari wetu, mtu wa kusoma sana, alinieleza kuwa ndani ya kiini cha seli kuna vipokezi vinavyotambua lehemu, yaani mafuta ya kolesteroli. Ikizidi, vinaamsha jeni zinazofungua milango ili itolewe nje. Utafiti ulikuwa bado mchanga, na kwa nini seli za wagonjwa wetu zinabaki zimejaa hakujua.

"Dawa inaua wadudu mapema," alisema. "Hayo mafuta ndiyo yanachelewa kuondoka. Yasikutishe."

Shangazi alimeza dawa mpaka akamaliza. Slaidi yake ya mwisho niliisoma mimi: wadudu wamebaki vipandevipande, povu bado lipo. Jumamosi nikanyonga baiskeli hadi kwake Idete, matope mpaka magotini, nimechoka lakini nina furaha.

Nikamkuta anakula peke yake mlangoni mwa jiko, na sahani yake ya bati. Wengine walikuwa mkekani, wamezunguka sinia la wali. Hasira zikanipanda. Hata shikamoo niliitoa nusunusu. Nikamgeukia pale mkekani mkamwana wa shangazi, mke wa mwanawe, nikamweleza habari za wadudu waliokufa, mafuta, vipokezi na milango, mpaka koo likakauka.

Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Shemeji, mimi sijamkataza," akasema. "Kila siku namwita."

Nikaenda kuketi karibu na shangazi, nikanyoosha mkono nichote wali wake. Akaivuta sahani, akaikumbatia kifuani.

"Shangazi, umepona. Nimeona kwa macho yangu."

"Nimekusikia, baba. Wamekufa." Akasogea pembeni kidogo, sketi yake isiniguse. "Nenda ukale na wenzako."