Magunia Chini ya Kitanda Changu

Chumba nilicholala nikiwa na miaka kumi kilinuka majivu. Chini ya kitanda changu mama alipanga magunia ya mahindi na maharage, na vumbi lake liliingia mpaka kwenye sare zangu za shule. Kwetu ni Nyakatuntu, Kyerwa. Kila msimu wa mavuno, bei zinaposhuka, mama alinichukua kwenda gulioni, na hatukwenda asubuhi kama watu wengine. Tulifika jua likianza kushuka, wauzaji wamechoka na hakuna anayetaka kurudi na mzigo nyumbani. Debe ambalo mchana halikupunguzwa bei hata kidogo sasa liliachiwa kwa bei ya kutupa. Tulirudi kwa miguu, mizigo kichwani, shingo zikiuma. Kesho yake tulianika, tukapeta, tukachanganya na majivu ili nafaka isibunguliwe, na wiki iliyofuata tukaanza upya. Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakusema inavyochosha.

Baba aliona aibu. Yeye ni Mnyambo, na kibanja chake cha migomba kilizunguka nyumba pande zote. Kwa watu wa ndizi chakula hakifungiwi ndani, kimesimama shambani. Ukisikia njaa unakata mkungu. Ugali aliuita chakula cha wanafunzi na wafungwa. Mama alizaliwa na watu waliotoka Burundi wakaja kulima vibarua, na kwao nyumba isiyo na ghala ilikuwa haijaisha kujengwa. Ndiyo maana magunia yalikaa chumbani kwangu, ambako mgeni hafiki. "Mama Koku, unatuitia njaa," baba alimwambia. Mama akajibu bila kuacha kupeta, "Simwiti mtu, Baba Koku. Nanunua wakati ni rahisi, basi." Nami, niseme kweli, nilikuwa upande wa baba. Nilimwonea mama haya, na gulioni nilitembea nyuma yake kama mtoto wa mtu mwingine.

Kisha mnyauko ukaingia kibanjani. Majani yaligeuka manjano, ndizi zikaiva kabla ya kukomaa, na ukizipasua ndani zimeoza. Bwana shamba akasema hakuna dawa, ni kung'oa na kufukia. Baba aling'oa mwenyewe, siku baada ya siku, migomba aliyoachiwa na baba yake, mpaka tukaweza kuona nyumba ya jirani ambayo hatukuwahi kuiona kutoka kwetu. Ndizi za sokoni zikapanda bei, hatukuzimudu. Mama akavuta gunia la kwanza. Tulikula ugali na maharage, sisi watoto tukashiba, lakini baba hakugusa. Kwetu mtu asiyekula ndizi husema hajala, hata kama tumbo limejaa, na yeye aliamua kutokula kweli. Alikunywa chai, akasema ameshiba. Siku ya tatu alianguka mlangoni akiwa na jembe mkononi. Niliogopa kwamba atakufa kwa ubishi huku chakula kimejaa chini ya kitanda changu. Mama alimkalisha ukutani, akamletea sahani. "Kula, Baba Koku. Hakuna anayekuona." Baba alitugeuzia mgongo, akala. Alimaliza yote, akarudisha sahani. Magunia yale yalitufikisha mavuno mengine, na hakuna aliyemshukuru mama, hata mimi.

Mama amefariki. Migomba imepandwa upya, na mimi nina nyumba yangu Isingiro, ninakoishi na baba. Sasa kuna bodaboda ya kubeba gunia na mifuko isiyoingiza wadudu, lakini uchovu ni uleule. Mavuno yakifika natamani mwaka mmoja tu nipumzike. Baba haniachii. Amezeeka, ila bei za maharage anazijua kuliko redio. "Koku, yameshuka gulioni. Umenunua?" Wageni wakija huwapeleka mwenyewe kuona magunia, na juzi nilimsikia akimwambia jirani, "Waitu, ndugu yangu, katika nyumba yangu hatujawahi kukaa bila akiba. Ndivyo nilivyomfundisha huyu binti." Nilisimama mlangoni mwa jikoni na ungo mkononi, tayari kumsahihisha. Kisha nikaona jinsi alivyokwepa kutazama ukutani ilipo picha ya mama, nikaendelea kupeta.