Watoto wa Paka Nyuma ya Gunia

Baba alipofariki nilimchukua mama kutoka Gulwe, nikamleta kwangu Nzuguni. Hakupazoea. Mtaa wetu ulikuwa bado unajengwa. Malori ya mchanga yalipita kutwa, na kila lori lilipomwaga mzigo mama alishtuka, akashika kifua.

Mwezi huohuo paka wetu aligongwa na gari, akaacha watoto wawili stoo, nyuma ya gunia la mkaa. Mmoja alikuwa wa madoadoa, mwingine mweusi tii. Mtu akikaribia, walikenua meno.

Mama akajipa kazi. Asubuhi alikaa sakafuni na kisahani cha maziwa, bila kuwatazama, anachambua karanga huku akiongea nao Kigogo. Walipozoea sauti, akawaachia kanga aliyolalia wainuse. Kisha akaanza kugonga sufuria, taratibu kwanza.

"Wasipozoea sasa," aliniambia, "wataishi kwa hofu mpaka wazeeke."



Wa madoadoa hakuchelewa kumpanda mapajani. Mweusi alikula tu tukishaondoka. Siku moja nilishika taulo nimvizie nimkamate.

"Mwache, mwanangu," mama akasema. "Ukimshika kwa nguvu, kila mkono utakuwa adui yake. Mimi nina muda."

Muda hakuwa nao. Kiangazi kilipokaza, pumzi zikaanza kumsumbua. Tulimpeleka hospitali, hakurudi.

Msibani watu walijaa hadi stoo, walikoweka masufuria ya kupikia. Nje spika ilipiga nyimbo za kwaya. Wa madoadoa alipita katikati ya wanawake, akajilaza kwenye paja la mama mdogo, naye akazidi kulia huku akimpapasa. Mweusi alichomoka dirishani. Nilimwita, lakini sauti yangu ilimezwa na vilio.

Baada ya maziko nilikaa mlangoni asubuhi nyingi, kisahani pembeni, macho nimeyaelekeza kwingine, nikijaribu kuongea kama mama. Kigogo changu ni cha kuokoteza. Walionijia ni sisimizi.

Mvua zilipoanza nilimwona yule mweusi juu ya ukuta wa jirani. Alikuwa dume kubwa sasa, amekonda, sikio moja limeraruka. Nilisimama palepale, nikazuia hata pumzi. Akanitazama. Jirani akafungua geti, chuma kikalia, naye akarukia upande wa pili.