Toba Niliyomtungia Mwalimu Owuor

Mwanangu, siku tuliyomzika Mwalimu Owuor naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, na sijivunii kusema hivyo. Tulimzika Jumamosi, nyumbani kwake, mwendo mfupi kutoka soko la Katito. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwenyekiti wa vijana kanisani, na kazi yangu ilikuwa vipaza sauti. Palipokuwa na matanga kuanzia Awasi mpaka kwetu, niliitwa mimi na jenereta yangu. Nilifunga waya, nikashika maiki, nikawaita wasemaji mmoja baada ya mwingine.

Kazi hiyo nilifundishwa na marehemu mwenyewe. Alikuwa mwalimu wa sayansi, na baada ya masomo alikuwa akinikalisha mezani kwake tukifungua redio mbovu. Mwalimu Owuor hakuamini kwamba kuna Mungu. Hakulificha jambo hilo wala hakulitangaza. Kila Jumapili alimsindikiza mkewe, Mama Akinyi, hadi lango la kanisa, kisha akaenda sokoni kusoma gazeti, na ibada ikiisha alikuwa pale pale langoni akimsubiri. Mimi nilibishana naye miaka minane. Nilimletea aya, nikamletea hoja za mahubiri ya redioni. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Sijaona bado, Okeyo. Nikiona nitakuja kwa miguu yangu, hutahitaji kunivuta."

Alipougua tumbo na madaktari wakamrudisha nyumbani, nilienda kumwona. Alikuwa amekonda, lakini akili ilikuwa ile ile.

"Siku yangu ikifika, maiki itakuwa mkononi mwako," aliniambia. "Mama Akinyi aombe, na wanaotaka kuomba naye waombe. Hiyo ni haki yao. Lakini asisimame mtu kusema kwamba niliamini. Niahidi."

Nilimwahidi. Wiki tatu baadaye alikufa.

Sasa sikiliza nilichofanya. Siku ya mazishi watu walijaa mpaka nje ya hema, wengi wao wanafunzi wake wa zamani. Chini kwa chini walikuwa wakiulizana kama mtu wa namna ile anaombewa au anafukiwa tu. Kaka yake mkubwa, Mzee Ochieng', alikaa ameinamisha kichwa kwa aibu. Pasta alikuwa amekubali kuiombea familia na kuishia hapo. Nilipaswa kumwita tu, basi. Lakini nilipowasha maiki na kuona macho yote yale, nilisikia maneno yakinitoka.

"Ndugu zangu," nilisema, "mwezi uliopita nilikuwa kando ya kitanda cha Mwalimu. Alinishika mkono, akaniambia amempokea Bwana."

Kina mama walipiga vigelegele. Wimbo ukaanza upande wa kwaya, na Mzee Ochieng' akalia kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nami, nikikuambia ukweli, nilifurahi. Nilijidanganya kwamba nimewafariji wafiwa, kumbe nilikuwa nimeshinda ule ubishi wa miaka minane, na aliyekuwa akinishinda kila siku hangeweza kunijibu. Mtu mmoja tu hakuimba. Mama Akinyi aliketi pembeni mwa jeneza akinitazama.

Jioni, wageni walipokwisha kula nami nikikunja waya, aliniita ndani.

"Okeyo, kaa hapo. Hayo maneno Mwalimu alikuambia lini?"

"Siku ile nilipokuja kumwona, Mama."

"Siku ile mimi nilikuwa chumba hiki cha pili, na mlango ulikuwa wazi. Nilisikia alichosema, na nilisikia ulichoahidi."

Nikamwambia nilidhani atafarijika.

"Miaka thelathini na moja nimemwombea huyu mzee," alisema, na hakupandisha sauti hata kidogo. "Unafikiri sikutamani aingie na mimi, hata mara moja? Wanawake wenzangu walikuwa wananiuliza, na ningeweza kuwaambia anaamini moyoni, anaona haya tu. Sikusema, kwa sababu si kweli. Kama Mungu anamjua, anamjua vile alikuwa. Wewe leo umezika mtu mwingine, nyathina. Owuor wangu hukumzika."

Neno nyathina, mwanangu, ndilo lililoniuma zaidi. Angeniita mwongo, ningepata la kujitetea. Aliniita mtoto wake.

"Sasa nifanye nini, Mama?"

"Kesho ni Jumapili," alisema, akainuka kwenda kuwaangalia wageni waliobaki kulala.

Nilisimama kanisani kesho yake, wakati wa matangazo, nikasema yote: ahadi, uongo, na sababu yake. Usifikiri nilipokewa vizuri. Mzee Ochieng' alitoka nje kabla sijamaliza, na hakunipa mkono tena mpaka alipokufa. Pasta aliniondoa uenyekiti. Aliniambia ukweli wangu haukumsaidia mtu yeyote, na kwamba ningenyamaza, familia ingelala na amani. Nimelifikiria neno lake miaka mingi, na siwezi kusema halina uzito. Wanafunzi wawili wa Mwalimu, nao wasioamini, walinijia sokoni kunipongeza, wakidhani nimehamia kwao. Niliwaambia sijahama. Hata Mama Akinyi, niliyetarajia anishukuru, alinisalimia mlangoni kama alivyowasalimia wengine, akaenda zake peke yake.

Kanisani niko mpaka leo. Mwalimu Owuor yuko wapi, sijui, na nimeacha kuwatangazia watu kana kwamba najua.

Nimekusimulia haya kwa sababu ya Jumapili iliyopita, tulipokuwa mezani. Ulimwambia mama yako kwamba anaomba kwa kuwa anaogopa kufa, na kwamba alirithi tu yale ambayo wazungu waliwafundisha babu zake. Shangazi yako naye akakujibu kwamba umemwacha Mungu ili uishi ovyo mjini bila kuulizwa. Nyote wawili mlifanya nilichofanya mimi Katito. Mlichukua moyo wa mtu mwingine mkausemea. Je, umewahi kumwuliza mama yako kwa nini anaomba? Mimi niliwahi. Jibu lake halikuwa lolote kati ya hayo uliyosema, wala silitoi hapa, kwa maana ni lake.

Bishaneni. Kama shule za serikali zifungue siku kwa maombi, kama kiongozi anayeapa ashike kitabu au asishike, kama mahubiri yawe kwenye vipaza sauti vya mtaani, hayo ni mambo ya nchi na yanatakiwa kusemwa. Mimi nina upande wangu, na siku nyingine nitakuambia. Lakini nasaha yangu ni hii: semea imani yako, au kutoamini kwako, wala usimtungie mwenzako yake. Mwulize, kisha ungoje jibu lake, hata likikuharibia hoja uliyoipanga. Na ukiwa umemsingizia mtu mbele ya watu, rudi mbele ya watu hao hao ukanushe, bila kungoja shukrani.

Nakuombea, maana kuomba ndiyo njia niliyo nayo, na najua hutanikataza. Upate afya na kazi ya halali. Upate marafiki wa kukupinga wasiokuchukia. Na lolote utakaloamini utakapofika umri wangu, liwe umelifikia mwenyewe, na wanaokupenda waweze kulitamka jinsi lilivyo bila kuona haya. Haya, mwanangu, nenda salama, na ukifika umpigie mama yako simu.